Siku Sita za Maji ya Ndimu Kabla ya Kupandishwa Kipoyi

Kuna jambo moja ambalo hata padri sikumweleza vizuri, nililipitisha harakaharaka katikati ya dhambi ndogondogo, kama mtu anayepitisha mbuzi mgonjwa sokoni katikati ya mbuzi wazima. Leo, kwa kuwa mumenikalisha hapa na chai mumeitia sukari ya kutosha, nitalisema lote, na mwenye kutaka kucheka acheke: siku nilipopelekwa kwa mume wangu, nilifika nikiwa nimekula heshima ya mama mukwe. Sisemi kwa mfano. Niliikula kwa meno haya (wakati huo yalikuwa yote), nikaacha mifupa ndani ya kitunga.

Mimi nilikuwa msichana wa juu ya Nyabiondo, kwenye vile vilima vya Masisi ambavyo asubuhi huvioni, unasikia tu jogoo na ng'ombe ndani ya ukungu, kama vile dunia bado haijaamua itokee upande gani. Ilikuwa miaka ile baada ya vita ya wazungu, vita yenyewe ilikuwa imeisha zamani kidogo, baba yangu, Papa Tomasi, alikuwa na ng'ombe watatu, na kazi yangu mimi, mtoto wa mwisho, ilikuwa kusafisha vibuyu vya mashanza, maziwa yaliyoganda. Sasa kusafisha kibuyu ni kunywa kwanza kilichobaki ndani, na mimi nilihakikisha kila siku kinabaki. Basi nilikuwa mnene. Mnene wa afya, ngozi inang'aa, mikono ina mikunjo kama ya mtoto mchanga, na hakuna aliyenicheka, maana kwetu baba mwenye binti mwembamba njo alikuwa anaulizwa maswali.

Leonari alikuwa fundi wa mbao wa Kashebere, kule chini ambako vilima vinachoka na msitu wa Walikale unaanza. Alikuja kutengeneza mabenchi ya kapela, kikanisa chetu, akaniona nimebeba benchi moja kichwani peke yangu huku naimba, akawaambia watu wake, huyu njo bibi. Mahari yakaenda, siku ikapangwa: Jumamosi nipelekwe kwao, Jumapili padri apite huko kutufungisha.

Na kwetu bibi harusi hakukanyaga njia. Alibebwa ndani ya kipoyi, kile kitanda cha mianzi na kamba ambacho siku nyingine kinabeba wagonjwa, akafunikwa kikwembe toka kichwa mpaka miguu, wanaume wanne wakamweka mabegani, akaenda kimya, hasemi, hali, hachungulii, mpaka mama mukwe amfunulie uso. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa naota siku hiyo. Nilikuwa najiona nimelala juu ya hewa, napita juu ya mashamba kama wingu dogo lililotumwa mahali.

Jumapili moja kabla ya safari, wabebaji walikuja kwetu kukaza kamba za kipoyi. Mkubwa wao alikuwa kaka Bahati, mwenye sauti nzuri kuliko wote pale kilimani, yeye njo alikuwa anaanzisha nyimbo za njia. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni na chungu mkononi, wao hawakuniona.

"Huyu wa Papa Tomasi," Bahati akasema, "tutamubeba wanne, ao tuitishe na kijiji cha jirani?"

"Mimi bega langu naliitaji bado," mwingine akajibu, "sijamaliza kulima."

"Basi tumuzungushe tu kama gogo. Kashebere si iko chini? Atafika mwenyewe."

Wakacheka mpaka kamba zikawaponyoka. Nisiwadanganye, hata mimi nilicheka kidogo, maana ilikuwa inachekesha, halafu nikashangaa kuona machozi yanadondoka ndani ya chungu. Lile wingu langu dogo likawa gogo. Jioni ile mama alipopakua bugali na maharagi, nikasema sina njaa. Njo uamuzi wenyewe huo, jamani. Sahani moja. Kama ningekula ile sahani, leo mungekuwa munakunywa chai hii na mtu mwenye heshima zake.

Kesho yake nikamwendea Konsolata, binti wa shangazi yangu, aliyekuwa anafua nguo kwa Madame mmoja kwenye shamba la pareto. Nikamwambia yote. Konsolata akatikisa kichwa kama daktari.

"Dawa iko," akasema. "Madame anafanyaka rejime."

"Rejime njo nini?"

"Njo kukatala chakula wakati chakula kiko."

Sikuamini. Nilijua watu wanaokosa chakula, lakini kukikataa, kimepikwa, kiko mezani na chumvi yake? Konsolata akaapa. Alisema kila Madame akialikwa kwenye karamu huko Goma, siku saba anakunywa maji ya ndimu tu, na yai moja la kuchemsha saa sita, na robe, gauni yake ambayo ilikuwa inakataa kufunga mgongoni, siku ya saba inafunga. "Nilifunga vifungo vyote mimi mwenyewe, kwa hii mikono!" (Aliniambia ukweli, Konsolata, lakini nusu yake, na nusu nyingine hakuwa na ubaya wa kuificha, hakuniambia kwa sababu sikuuliza.)

Akakata kamba ya mgomba, akanizungushia kiunoni, akafunga fundo pale ilipokutana, akaificha chini ya godoro langu la majani. Ndimu zilikuwa nyingi kwa jirani. Mayai sikupata, kuku wetu walikuwa wanatagia mbali, kwa hiyo rejime yangu ikawa kali kuliko ya Madame mwenyewe: maji ya ndimu asubuhi, maji ya ndimu saa sita, maji ya ndimu jua likizama.

Siku ya kwanza ni kichwa kuuma. Ya pili ni hasira, nilimpiga ndama kofi bure. Lakini baadaye, jamani, kitu kingine kinaanza, na hicho njo sijawahi kumwambia mtu, kinaanza kitu kama usingizi ambao macho yake yako wazi. Asubuhi ukungu ulipopanda kutoka bondeni niliuona ni maziwa yanachemka polepole, yanakaribia kumwagika, na nikawa nasimama pale mlangoni nangoja mtu ayaondoe kwenye moto. Vilima vyenyewe vikawa vitonge vya bugali vilivyofunikwa ili visipoe. Sauti za watu zilinifikia kutoka mbali, kama wanaongea ng'ambo ya mto, na miguu yangu haikuwa inagusa chini vizuri. Nililala mchana juu ya nyasi nikaota ndizi zinazofuka moshi na kuongea Kihunde kizuri cha zamani, zikiniuliza habari za nyumbani. Niliamka nikiwa natafuna kona ya kikwembe. Na kati ya ndoto na kuamka hapakuwa na ukuta tena, nilikuwa napita tu, hapa nateka maji, pale nakula, narudi nateka maji, na tumbo halijui lipi ni lipi. Kumbukeni hilo.

Mama si mjinga. Siku ya pili akanikalisha.

"Veronika, mbona haukule? Uko mugonjwa? Ao kuna kitu ingine unanificha?"

Niliona macho yake yanateremka kwenye tumbo langu, nikaelewa anafikiri nini, na kwa hofu nikadandia neno la kwanza lililopita. "Nafunga, mama. Naombea ndoa yangu."

Uso wa mama ukayeyuka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama vile anashika kikombe cha misa. Mimi nilidhani imeishia pale. Kumbe alitoka moja kwa moja mpaka kwa katekista Stefano, na Jumatano, kwenye sala ya jioni, kapela imejaa, katekista akasimama mbele ya mabenchi ya mchumba wangu akasema kuna msichana kati yetu, sitaja jina lake (wote wakageuka wakanitazama), ambaye badala ya kuandaa ndoa kwa kunywa pombe ya ndizi anaiandaa kwa kufunga. "Vijana, muone mufano!" Kaka Bahati alikuwa kwenye benchi la nyuma. Akavua kofia.

Hapo ningeweza bado kujiokoa, kusema ukweli ao angalau kula kwa siri, lakini siri gani tena? Tangu Alhamisi wanawake walikuja kukaa karibu nami. Mmoja aliniomba nimwombee apate mtoto. Mwingine alileta jicho la mume wake, namaanisha mume mwenyewe mwenye jicho bovu. Mzee mmoja alisema mbuzi wake amepotea siku nne, nimwekee neno kwa Mungu, na mimi, macho yangu yakiwa yanaona mbuzi huyo tayari ameshachomwa na pilipili, nikafumba nikasema, "Bwana, murudishe huyu mbuzi mahali pake." Ijumaa asubuhi mbuzi akarudi! Mwenyewe, kwa miguu yake, na majani mdomoni! Basi ikawa imekwisha. Walianza kunipisha njiani. Mtoto alinipa kiazi cha kuchoma, na mama yake akamnyang'anya akisema, "Usimujaribu dada, huyu iko na Mungu." Kile kiazi nakikumbuka mpaka leo, kilikuwa kimeungua upande mmoja.

Ijumaa Konsolata akaja, akatoa kamba chini ya godoro. Tulijifungia, akanizungushia, na fundo likapita! Vidole viwili! Tukakumbatiana, tukaruka, na niliporuka dunia ikageuka nyeusi, nikaketi.

Jumamosi tuliondoka jogoo la pili. Mama hakuwa anakuja, mama mzazi hafuatani na binti, lakini alituma kitunga. Hiki kitunga lazima muelewe vizuri. Mama wa bibi harusi anapika kwa mkono wake, anapanga kwenye kitunga, anafunika kwa majani ya mgomba, na hakuna mtu wa kukifungua njiani isipokuwa mama mukwe, mbele ya ukoo wake wote. Ndani yake njo kuna salamu: hivi njo nilimulisha binti yangu, na wewe umulishe hivi. Kikifika kimepungua, maana yake ni kwamba tunamdharau mwenye nyumba, na kuna ndoa zilikufa kwa kitunga. Mama yangu aliweka kuku wawili waliokaangwa kwa siagi ya ng'ombe, na ndizi za kuchoma juu. Alinifunika kikwembe, akaninong'oneza, "Nenda, mwanangu mutakatifu," na mimi nikalia kwa aibu, na wote wakalia kwa kunisifu.

Wakaninyanyua. Na hapo, nakubali, kwa muda nilipata nilichokuwa nataka. Kipoyi kilikuwa kinayumba taratibu, Bahati alikuwa anaimba na wenzake wanaitikia kwa miguu, mwanga ulipita kwenye maua ya kikwembe ukaniangukia mwekundu na wa njano, nikasikia harufu ya ardhi ikibadilika, kwanza majani ya ng'ombe na moshi, halafu baridi ya bondeni, halafu ule unyevu wa msitu kama pumzi ya mtu aliyelala karibu. Nilikuwa wingu. Sikujua nimelala saa ngapi na nimeamka saa ngapi. Niliona vilima vikinifuata nyuma vikiwa vimebeba masahani.

Tulipofika kwenye daraja la magogo juu ya mto Oso, Konsolata, aliyekuwa amebeba kitunga kichwani, akateleza, mguu ukageuka. Kitunga hakikuanguka (angekufa kwanza yeye), lakini hakuweza kutembea nacho tena. Shangazi Mariya, aliyekuwa ametumwa kunilinda, akasema kiwekwe ndani ya kipoyi, pale miguuni pangu. Wakanivusha, wakanitua kwenye kivuli, halafu wote wakateremka mtoni kunawa miguu na kuvaa nguo safi, maana Kashebere ilikuwa karibu na haifai kufika ukweni na vumbi.

Nikabaki peke yangu chini ya kikwembe, na kuku wawili.

Sasa munisikie vizuri, sijitetei. Nilisikia harufu ya siagi, na nikajisemea, karibu, umekuja tena. Maana siku nne nilikuwa nimetembelewa na vyakula vya ndotoni, na vyote vilikuwa na harufu. Mkono ukaenda wenyewe. Jani likafunguka. Ndizi hazikuniuliza habari za nyumbani safari hii, na hilo pekee lingetosha kunishtua, lakini sikushtuka, nikala ndizi, nikala paja, nikala paja la pili, nikasikia mafuta yanateremka mpaka kwenye kiwiko, nikafikiri ni ndoto nzuri hii, ina mpaka mafuta. Nilitafuna mbawa. Nilinyonya shingo. Kwenye kuku wa pili nadhani nilikuwa naimba kidogo. Halafu jino langu likauma mfupa kwa nguvu, na maumivu yale yalikuwa ya kweli, ya mchana, ya Jumamosi. Nikafungua macho. Nikagusa ndani ya kitunga. Nikagusa tena.

Nikafunika majani. Ni nini kingine ningefanya?

Wakarudi, wakaninyanyua, na Bahati akaguna.

"Ee! Mbona amezidi?"

"Muntu akilala anakuwaka muzito," mwenzake akasema.

"Asubui alikuwa amelala pia." (Mzigo ulikuwa uleule, kuku wamehama tu, lakini nani angemwambia?)

Tukaingia Kashebere na jua liko upande. Vigelegele, ngoma, vumbi. Nilitelemshwa juu ya mkeka katikati ya uwanja, bado nimefunikwa, na tumbo langu, lililokaa siku sita na ndimu tupu, likaanza kushangaa lilichopewa. Kwanza lilinguruma. Halafu ikaja kwikwi.

Mjomba wa Leonari alikuwa amesimama kutoa maneno ya kunipokea. Habari zangu zilikuwa zimetutangulia, unajua habari hazibebwi na kipoyi, zina miguu yake. "Ndugu zetu wa vilima," akasema, "mumetuletea bibi wa sala. Tunasikia siku sita hajaweka kitu mudomoni."

"Hik!" nikasema mimi chini ya kikwembe.

Akapandisha sauti. "Siku sita, kwa kuombea hii nyumba."

"Hik!"

"Hata mbuzi aliyepotea..."

"Hik!"

Watoto wakaanza kucheka, Shangazi Mariya akanifinya juu ya kikwembe, nikajaribu kuzuia pumzi, kwikwi iliyofuata ikaninyanyua kabisa toka kwenye mkeka. Ili kuondoa aibu, mjomba akaharakisha: "Kitunga! Kitunga cha mama kiletwe."

Mama Adela, mama yake Leonari, akapiga magoti mbele yake. Nilikuwa namwona kupitia nyuzi za kikwembe, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye uso usiopoteza maneno. Alifunua jani la kwanza. Alifunua la pili. Alikaa akitazama ndani, kimya, na ule ukimya ukatembea toka kwake mpaka kwa mjomba, toka kwa mjomba mpaka kwa wanaume wa ngoma, na ngoma zikaacha. Kisha akanyanyua mfupa mmoja, mweupe, umenyonywa vizuri.

Mjomba alisema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya mzee ni mbaya kuliko ya kelele: "Wametuletea mifupa."

Shangazi Mariya akaanza kupiga mayowe na kuapa. Watu wakamgeukia Konsolata na mguu wake uliovimba, wengine wakawageukia wabebaji, na nikaona mkono wa mtu unamshika Bahati shati. Nikaona Leonari pembeni, uso wake umekwisha rangi. Nikawaza: nikinyamaza kama bibi harusi anavyotakiwa kunyamaza, Bahati atapigwa, ndoa itakufa, na mama yangu ataitwa mwenye dharau mpaka kaburini. Nikavua kikwembe mwenyewe. Mbele ya ukoo wote, kabla ya mama mukwe kunifunulia, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Na mafuta yalikuwa yamenifika mpaka kwenye masikio.

"Ni mimi," nikasema. "Hik. Ni mimi nilikula. Mama alituma kuku wawili wazuri. Nilikula wote. Na sikukuwa nafunga kwa Mungu, nilidanganya, nilikuwa sitaki kuwa muzito kwenye kipoyi."

Sijui kama mumewahi kusikia kijiji kizima kikijizuia kucheka. Ni kama sufuria yenye kifuniko. Bahati njo kifuniko chake kilifunguka wa kwanza: "Nilisema amezidi!" Na hapo ikaenda yote, wanawake waliketi chini, wapiga ngoma walishikana mabega, mjomba aligeuza uso mabega yakimruka, hata Leonari, yule msaliti, alikuwa anacheka huku anafuta machozi.

Mama Adela hakucheka. Alinisogelea, akanishika kidevu, akatazama macho yangu kwa ndani, jinsi unavyotazama ya ng'ombe mgonjwa.

"Siku sita, kweli?"

"Kweli, mama."

"Maji tu?"

"Na ndimu."

Akanishika mkono, akaniingiza jikoni kwake, akafunga mlango. Nilidhani ananipeleka kunipiga. Akaweka maji ya moto kwenye kikombe, akatia chumvi kidogo, akaniambia ninywe polepole, nipumzike, ninywe tena. "Tumbo lililokaa na njaa halipewi kuku," akasema. "Muntu anaweza kufa. Linapewa maji kwanza, kesho uji, keshokutwa njo bugali."

"Mama, unajua namna gani?"

Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka. "Wakati wa vita yao, wazungu walitutuma sisi wote msituni kukata mupira, ule utomvu wa kamba za miti. Wanaume, wanawake, wote. Nani alibaki kulima? Hakuna. Nilikuwa na binti, jina yake Elena, mukubwa wa Leonari. Alikonda, alikonda, nikawa namubeba kwa mukono moja. Halafu nikapata kipande cha nyama, na kwa furaha nikamupa yote." Akapuliza tena. "Alikuwa mwepesi sana, Veronika. Yule hakuna mubebaji angelalamika."

Kwikwi ikaniacha palepale. Nikakunywa maji yangu ya chumvi, na huko nje walikuwa bado wanacheka.

Padri alitufungisha Jumapili, mimi nimeshikilia ukuta. Baada ya wiki mama yangu aliteremka mwenyewe kwa miguu, njia yote ile, na kuku wawili wengine, akawatua mbele ya Mama Adela bila kunitazama mimi hata kidogo. Alikaa miezi mitatu bila kuniita jina. Yule mzee wa mbuzi peke yake njo aliendelea kuniamini, alisema Mungu anasikia hata sala ya mwizi.

Konsolata alibaki kwetu Kashebere wiki tatu mpaka mguu ulipopona, na kabla ya kuondoka akatoa ile kamba ya mgomba kwenye furushi lake. Akanizungushia. Fundo halikufikia. Siyo kwamba vile vidole viwili vilirudi tu, vilirudi vimeleta na cha tatu. Njo akakuna kichwa akasema, ee, hata Madame ilikuwa hivyo, karamu ikishapita baada ya siku chache robe inakataa tena kufunga, na Madame anampigia kelele yeye kwamba ameikosha vibaya ikapungua.

"Na haukuniambia?"

"Uliniuliza kama inafunga. Ilifunga."

Nimezaa watoto sita, nimelima, nimezeeka, na mwili wangu umepanda na kuteremka kama hizi njia zetu. Nikiona umezidi, ninapunguza kitonge kimoja, natembea mpaka shambani kwa mguu badala ya kumtuma mtu, nangoja miezi, na miezi inafanya kazi yake bila kelele. Wajukuu wakija na habari zao za kunywa sijui majani gani siku saba nguo ifunge, nawasikiliza, halafu nawapakulia.

Watu wananiambia, Mama Vero, si ulikuwa mtoto, si ilichekesha? Ilichekesha. Bahati aliisimulia mpaka alipokufa, na kila mwaka kuku walikuwa wanaongezeka. Mimi mwenyewe nawachekesheni nayo leo. Lakini kushika njaa kwa kupenda, nikaingia nayo nikijivuna ndani ya nyumba ya mtu ambaye njaa ilimshika bila kumuuliza, hilo niliapa mbele ya lile jiko, na kikombe kikiwa bado moto mikononi, kwamba sitalirudilia mpaka nizikwe. Na siku hiyo watakaonibeba, waone wao wenyewe watakuwa wangapi.